Faili Langu Lilikuwa kwa Karani Mwingine

Juzi dada mmoja wa hapahapa Houston kaniandikia saa sita usiku. Kuna mtu anampigia simu kila siku, anadai huyu dada ana kesi ya kodi ya nyumba aliyohama kule Alief, na asipolipa wiki hii atakiona. Akaniuliza: "Dada, wewe ulishapita huko. Nimlipe au nimblock?"

Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, nikalijibu vibaya, na jibu lile likanifungia akaunti ya benki. Kwa hiyo leo naandika kwa urefu. Chukueni chai.

Januari 2019 baba yangu alifariki Tanga. Nilifika wameshazika, nikaonyeshwa kaburi. Nikakaa mpaka arobaini ikapita, nikarudi Houston katikati ya Machi. Kabla ya msiba nilikuwa nimeshahama nyumba, maana kazi ilikuwa imekata na kodi ilinishinda. Na deni lilikuwepo, sikatai. Kadi ya mkopo, dola 11,640 pamoja na riba. Nilikuwa nanunulia chakula kwa kadi, nalipia hata umeme kwa kadi, huku nyumbani natuma pesa kama kawaida ili wasijue nimesimamishwa kazi. Mnaonisoma mnajua kabisa ninachosema.

Mwaka uliofuata ikaja barua ya mawakili, Kiingereza kigumu, ndani yake neno "hukumu". Nikaipeleka kwa bwana mmoja ambaye wengi wetu hapa tunampelekea karatasi zetu. Hana leseni ya uwakili, ila anavaa tai na anaongea vizuri harusini. Nyumbani tungemwita kishoka, huku tunamwita kaka. Akachukua dola 300. Baada ya siku tatu akanipigia: "Nimekagua mahakama yote ya Harris, kaunti yetu hii. Jina lako safi, hao matapeli." Nikalala usingizi mzuri ajabu.

Januari 2021 nipo kwenye kaunta ya duka, mkokoteni umejaa, kadi ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa. Nyuma yangu foleni. Nikarudisha vitu kimoja kimoja, na mchele wa kilo kumi ule sitausahau. Nilipopiga simu benki nikaambiwa pesa zimezuiwa kwa amri ya mahakama, wanakaza hukumu. Hapa Texas anayekudai deni la kadi hawezi kukata mshahara wako ukiwa bado kwa mwajiri. Lakini mshahara ukishatua benki unahesabiwa pesa kama pesa nyingine.

Yule bwana hakusema uongo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alikagua kweli. Ila alikagua kwa karani mmoja tu.

Kaunti ya Harris haina masijala moja ya kesi za madai, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Kuna District Clerk, anayetunza mafaili ya mahakama za wilaya: madai makubwa, talaka na mengineyo. Kuna County Clerk, anayetunza mafaili ya mahakama za kaunti za madai, zile za kati, ambazo leo zinafika dola 250,000. Halafu kuna mahakama za JP (Justice of the Peace, yaani hakimu wa mahakama ndogo), 16 kwa jumla katika kaunti hii, zenye kesi za kufukuzwa kwenye nyumba na madai madogo, na hizo zina tovuti yao nyingine kabisa. Makarani hao wawili wa kwanza kila mmoja anachaguliwa kwa kura yake na ana kompyuta zake. Ukitafuta kwa mmoja ukakosa, umejua habari za huyo mmoja basi.

Kesi yangu ilifunguliwa 2019. Wakati huo JP alikuwa anaishia dola 10,000, na deni langu lilizidi hapo, kwa hiyo ikaenda mahakama ya kaunti. Faili likawa kwa County Clerk. Yule bwana alitafuta kwa District Clerk. Tangu Septemba 2020 JP amepandishwa hadi dola 20,000, maana yake kesi kama yangu leo inaweza kabisa kuanzia kwake. Kwa hiyo tafuta kote kutatu. Narudia, kote kutatu. Na kama uliwahi kuishi Katy au Missouri City, angalia na Fort Bend, kaunti jirani, kwa sababu Texas ina kaunti 254 na mdai anaweza kufungua ulipokuwa unaishi au uliposainia mkataba. Kuna pia re:SearchTX, tovuti ya jimbo zima. Ni nzuri kama nyongeza, lakini usiifanye kuwa ndiyo utafutaji wako wote.

Kutafuta kwenyewe ni bure. Unafungua tovuti ya karani, sehemu nyingine watakutaka ujiandikishe, unaandika jina, unachagua wewe ni mdaiwa. Pasua kichwa ni jina. Sisi majina yetu ni matatu, la kwako, la baba na la babu, na Wamarekani wanayapanga wanavyotaka wao. Mimi kwenye kesi ile jina la baba lilikuwa ndilo jina la ukoo, la babu halikuwepo kabisa, na langu limekosewa herufi mbili. Ningeandika jina langu lilivyo kwenye pasipoti ningelikosa hata kwa karani sahihi. Andika herufi chache za mwanzo, geuza la mwisho liwe la kwanza, jaribu na lile walilokosea kwenye bili ya umeme. Ukiipata kesi, nakili namba yake. Na kabla hujashtuka hakikisha ni wewe, maana akina Juma na Hassan tuko wengi mjini hapa.

Mimi baada ya kuipata namba nilikwenda mwenyewe mjini, jengo la mahakama za madai, 201 Caroline. Unapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege, unavua mkanda. Nilikuwa na hofu, nimejifunga mtandio kana kwamba mimi ndiye nakwenda kushtakiwa upya. Mama wa dirishani akachukua namba, akabonyeza, akauliza: nakala ya kawaida au iliyothibitishwa? Sema iliyothibitishwa kama unakwenda kuitumia kokote, ndiyo yenye mhuri wa karani. Dola moja kwa ukurasa na dola tano za uthibitisho. Faili langu lilikuwa kurasa 38, nikalipa dola 43. Nikajaribu kumuuliza sasa nifanyeje, akanijibu kwa upole kwamba wao hawatoi ushauri wa kisheria. Msimkasirikie karani kwa hilo, amekatazwa.

Linganisheni sasa. Dola 300 kwa jibu la mdomo, dola 43 kwa faili zima lenye mhuri.

Nilikaa kwenye benchi la korido nikaanza kusoma. Hati ya madai, mkataba wa kadi, hati ya kiapo, vyote nikavipita. Ukurasa wa 19 nikasimama. Ni karatasi ya mpeleka samansi. Ameapa kwamba tarehe 16 Februari 2019, saa 1:10 jioni, alinikabidhi wito mimi mwenyewe, mkononi, kwenye mlango wa nyumba yangu ya zamani. Jioni hiyo mimi nilikuwa Chumbageni, Tanga, mikono imejaa unga. Nilifungua mkoba nikatoa pasipoti palepale. Mhuri wa kuingia uwanja wa Julius Nyerere, Januari. Mhuri wa kutoka, Machi. Nikaviweka viwili hivyo juu ya magoti, karatasi na pasipoti, nikalia mbele za watu.

Miezi iliyofuata naipitia haraka kwa sababu ilikuwa ni kusubiri tu. Kupitia chama cha mawakili wanaojitolea nikapata wakili bila malipo, tukajaza fomu ya kueleza kwamba siwezi kumudu ada za mahakama, tukafungua ombi la kuipindua hukumu. Kwa kawaida ombi hilo lina miaka minne tangu hukumu, nami nilikuwa ndani ya muda. Hukumu ikafutwa. Deni lenyewe tulikuja kuelewana nje, nikalilipa kidogo kidogo hadi likaisha. Sikutaka kudhulumu mtu, nilitaka tu nisikilizwe.

Sasa niseme ukweli, na mtakaonuna mnune. Sisi Wabongo wa huku tuna ugonjwa wa kuamini mdomo. Mtu akituambia kitu kwenye arusi au baada ya swala, kimekuwa hukumu ya Mahakama ya Rufani. Karatasi iliyo wazi kwa kila mtu, unayoweza kuisoma ukiwa kitandani, hatuitaki. Tunaona aibu kutafuta majina yetu, kama vile tukiyatafuta ndiyo tutazua kesi. Kesi haizuki kwa kutafutwa! Ipo au haipo. Na siku zinahesabiwa ujue usijue: kwa JP mdaiwa ana siku 14 tangu akabidhiwe wito, mahakama za juu yake mwisho ni Jumatatu inayofuata baada ya siku 20, saa 4 asubuhi. Ukikaa kimya, mdai anaomba hukumu ya upande mmoja, na mara nyingi anapewa. Hukumu ya Texas inaishi miaka kumi na inaweza kuhuishwa. Watoto wako watamaliza shule bado inakungoja.

Na Kiingereza kikikushinda, maktaba ya sheria ya kaunti ipo mtaa wa Congress, kuingia bure, na wahudumu watakuonyesha pa kutafuta. Nenda na sweta, mule ndani kuna baridi ya friji.

Yule bwana bado tunasalimiana. Idi iliyopita alinitumia ujumbe wa heri, nikamjibu. Dola 300 sijamdai.

Kwa dada wa Alief: nilikuambia usimlipe na usimblock, muombe namba ya kesi. Umesema hakutoa, alikata. Hiyo bado haimaanishi kesi haipo. Jana umenitumia picha mbili, kwa District Clerk hakuna, kwa County Clerk hakuna, na chini umeandika alhamdulillah. Kesi nyingi za kodi ya nyumba ziko kwa JP, mdogo wangu. Fungua hapo kwanza, na jina la mume wako lijaribu pia, mkataba mlisaini wote wawili.