Begi la Mlimani: Kitu Gani Kikae Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi. Likizo ijayo tunakusudia kupanda Mlima Meru, na kwa kuwa fedha ni kidogo, kila mmoja atabeba mzigo wake. Tulipofanya mazoezi ya usiku mmoja upande wa Marangu, begi langu la lita 60 lilinivuta nyuma njia nzima, mabega yakauma, na mvua ilipotukuta nililazimika kutoa karibu kila kitu ndipo nilifikie koti. Je, begi la namna hii hupangwaje?
*Mwalimu, Moshi*

JIBU: Ndugu Mwalimu, kabla ya kutia kitu chochote begini jiulize mambo mawili: kina uzito gani, na utakihitaji saa ngapi. Uzito ndio uliokuvuta nyuma. Kitu kizito kikikaa mbali na mgongo, mwili huinama mbele ili kukisawazisha, na mabega hubeba adhabu hiyo hadi jioni. Kwa hiyo chakula na akiba ya maji, ambayo kila lita yake ni kilo moja, vikae katikati ya begi, vikigusa upande wa mgongo, kati ya kiuno na mabega. Nguo laini zizungushwe upande wa nje na kuziba mianya, ili mzigo usiyumbe unapokanyaga mawe.

Chini kabisa weka vitu ambavyo hutavigusa hadi ufike malazi, yaani mfuko wa kulalia na nguo za usiku. Meru ina vibanda vyenye vitanda, Miriakamba kwenye mita 2,514 na Saddle kwenye mita 3,570, hivyo hema libaki nyumbani, na hiyo ni nafuu kubwa. Koti la mvua, sweta na chakula cha mchana vikae juu kabisa, na katika mfuko wa kifuniko weka tochi ya kichwani, dawa na tishu. Jambo hili lina uzito wa pekee pale Meru, kwa sababu kundi hutembea pamoja na askari wa hifadhi mwenye bunduki kutokana na nyati na wanyama wengine, na mtu mmoja anayepekua begi lake njiani huwasimamisha wote. Sufuria nayo iingie ndani. Ikining'inia nje huyumba, na kelele zake huwachosha wenzako kuliko mlima wenyewe.

Usiku wa kuelekea kileleni, kwenye mita 4,566, watu huondoka Saddle kati ya saa saba na saa nane usiku. Mfuko wa kulalia na chakula cha akiba huachwa kibandani, kwa hiyo begi hupungua sana. Likaze kwa mikanda yake ya pembeni, la sivyo vitu vichache vilivyobaki vitarukaruka kwenye miamba.

Kuhusu mabega, nadhani unavaa begi kwa kuanza na mikanda ya juu, kama wengi wetu tulivyozoea tangu shuleni. Legeza mikanda yote, funga kwanza ule wa kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, kisha vuta ya mabegani kiasi cha kugusa tu. Sehemu kubwa ya mzigo inapaswa kubebwa na nyonga. Mabegi mazuri hupatikana katika mitumba ya soko la Memorial hapo Moshi, lakini usilipe kabla ya kulivaa likiwa na mzigo ndani. Begi lenye mkanda mwembamba wa kiunoni usio na sponji halifai, hata bei ikiwa ya kutupa.

Usitegemee kifuniko cha mvua peke yake, kwa kuwa hakikingi upande unaogusa mgongo, na maji hupenya hapo. Tia ndani ya begi mfuko mmoja mkubwa, mzito, usiopitisha maji, kisha vitu vyote vikae humo. Ile mifuko ya rambo ya zamani imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na hata ilipokuwepo ilichanika upesi.

SWALI: Nimeshauriwa nitumie mfuko wa maji wenye mpira wa kunyonyea badala ya chupa. Je, unafaa mlimani?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Unafaa mchana, maana unakunywa bila kusimama. Usiku wa kileleni maji yaliyobaki katika mpira huganda mapema, kwa hiyo beba pia chupa imara yenye mdomo mpana, uivishe soksi nene na kuiweka kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu. Betri za tochi na simu hudhoofishwa na baridi hiyo hiyo, basi lala nazo ndani ya mfuko wa kulalia.