Alama za vinasaba kwenye pilipili: mmea mmoja kwa kila aina hautoshi

Mkuu, umeuliza utumie RAPD au SSR, njia mbili za kulinganisha DNA ya mimea, kupima utofauti wa aina 40 za pilipili ulizokusanya, na kama mmea mmoja kwa kila aina unatosha. Niliifanya kazi hii kwenye shahada ya pili. Swali lako la pili ndilo zito.

Mmea mmoja hautoshi. Nilianza hivyo nikajuta. Ni kweli pilipili hujichavusha, lakini nyuki nao hawakai kimya. Mama mmoja aliyenipa mbegu za hoho alilalamika kwamba baadhi ya miche yake ilizaa hoho zinazowasha. Nilipofika shambani, tuta la hoho lilikuwa bega kwa bega na la pilipili ndefu kali. Zote mbili ni Capsicum annuum, zinazaliana bila shida, na ukali hutawala: mtoto wa hoho na kali huwasha. Kama ningechukua mche mmoja tu, haya yote yangenipita. Chukua mimea 8 hadi 10, kila mmoja na kichupa chake, usichanganye majani.

Na hapo ndipo SSR inapoishinda RAPD. RAPD ni rahisi kwa bei, ila ukibadilisha mashine au hata kiasi cha DNA, mistari ya vipande vya DNA kwenye jeli inabadilika. Tena haikuonyeshi mmea uliorithi nakala mbili tofauti za sehemu moja ya DNA, moja kutoka kwa kila mzazi. SSR inaonyesha: mstari mmoja, nakala zinafanana, miwili, zinatofautiana. Chagua alama zilizosambaa kwenye jozi zote 12 za kromosomu. Baadhi ya tofauti ni za herufi chache tu za DNA, kwa hiyo jeli ya agarosi ya asilimia 1 itakudanganya. Tumia asilimia 3, au poliakrilamaidi (jeli inayotenganisha vipande vizuri zaidi) ukiipata.

Majani: chuma yale machanga ya kileleni, ambayo hayajakunjuka vizuri. Yaliyokomaa yalinipa tope la kahawia linalonata chini ya kichupa, na PCR (hatua ya kunakili DNA mara nyingi) ikagoma wiki nzima. Kuongeza PVP, kemikali inayonasa uchafu huo wa majani, kwenye bafa ya CTAB, kimiminika cha kutolea DNA, kulisaidia sana.

Jambo ambalo hukuuliza: pilipili mbuzi kwa kawaida ni C. chinense, na pilipili kichaa ni C. frutescens. Ukizitia zote na hoho kwenye mchoro mmoja wa ukoo, matawi makubwa yatakuwa ya spishi, jambo ulilolijua tangu sokoni, na kipimo cha utofauti kitapanda bure. Tenga spishi kwanza, kisha pima ndani ya kila moja. Huko ndiko utaona kama mbegu za kijiji kimoja zina kitu ambacho za kijiji kingine hazina, na ndicho mkulima na mzalishaji mbegu wanachokihitaji.

Kila mmea unaoupima, hifadhi na mbegu zake, zikiwa kavu na zenye namba ileile ya kichupa. Mimi sikufanya hivyo, na mimea miwili niliyotamani kuirudia ilikuwa imeshang'olewa.