Kabla hamjapanda gari kwenda Amani

Ninyi mnaoanza kazi ofisini hapa Tanga, mkisikia tunakwenda kujitolea katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, swali lenu la kwanza huwa: tutapanda miti mingapi? Huenda msipande hata mmoja. Msivunjike moyo.

Amani ni msitu wa asili katika milima ya Usambara Mashariki, una mbegu zake. Kinachousumbua ni mimea ya kuja, hasa mti uitwao msizi. Bustani ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ilipokea miti mingi ya kigeni kwa majaribio, na baadhi yake imeingia msituni. Matunda ya msizi huliwa na ndege aitwaye hondohondo, ambaye hudondosha mbegu mbali na mti mama. Kwa hiyo siku yenu mnaweza kupewa kazi ya kung'oa miche. Inachosha kiuno na haitoi picha za kupendeza, lakini ni msaada wa kweli.

Jifunzeni jani kwanza. La msizi linang'aa na lina meno madogo pembeni. Mngojeni mhifadhi awaonyeshe mche wenyewe, kila mtu aushike, ndipo muanze. Ukiwa na shaka, uache, uite mtu. Ni afadhali kubakiza misizi kumi kuliko kung'oa mche mmoja wa asili. Shika shina karibu kabisa na udongo, vuta polepole mpaka mzizi utoke mzima. Mvua ikiwa imenyesha jana yake, kazi huwa nyepesi.

Mnaopanga safari, pigieni ofisi ya hifadhi mapema muulize wanahitaji nini. Msibebe miche ya kununua mjini, hata kama bajeti imeshapita. Vaeni buti na soksi ndefu, siafu wapo.

Huko kiongozi ni mhifadhi, na meneja naye anainama kama wengine. Mkipata mwenyeji wa kijijini wa kuwaongoza, mwulizeni majina ya miti kwa Kisambaa. Mtaujua msitu kuliko kwa kusoma mabango.

Na mwenzenu wa uhasibu akiuliza hayo yanamhusu nini, mwambieni maji ya bombani kwake yanatoka bwawa la Mabayani, na bwawa hilo linajazwa na Mto Zigi unaoshuka kutoka milima hiyohiyo.