Mbona hakusimama? Kwa wanaojifunza kumite kwa kitabu

Jumamosi iliyopita niliwahi kufika ukumbini, nikawakuta vijana wawili wa karate, mkanda wa njano, nyuma ya jengo. Kitabu kiko chini kimefunuliwa, kurasa zimekandamizwa kwa ndala zisipeperuke. Mmoja akatangaza "Jodan!", yaani atapiga usoni, akaingia na oi-zuki, ngumi ya kusonga mbele, kisha akaganda pale pale mkono umenyooka kama mti wa kuanikia nguo. Mwenzake akakinga, akajibu kwa gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma, akainama kutazama picha inayofuata, akarudi, akajibu tena. Mwenye mkono wa kuanikia bado anangoja tu. Nikawaambia haya, funikeni kitabu, nipeni kumite huru, pambano lisilopangwa, dakika moja. Hata sekunde kumi hazikuisha, yule aliyekuwa akikinga vizuri ajabu ameshika pua, machozi yanamtoka, ananiuliza kwa adabu zote: "Mzee, mbona hakusimama?"

Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Halafu kicheko kikanikatikia kooni, maana mimi nilijifunzia kitabuni miaka mitatu kabla sijamwona sensei kwa macho, na kwangu mimi mwenzangu alisimama. Nitafika huko.

Wadogo zangu, hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, kitabu kimewalea wengi wetu. Sikitukani. Lakini kila mwaka naona makosa yale yale, kama vile mnarithishana. Nayaweka kwa namba ili msiseme mzee anabwabwaja, ingawa nitabwabwaja.

1. Ujue kitabu chako ni cha nyumba gani na cha enzi gani.

Funakoshi, aliyetoka Okinawa akaionyesha karate Tokyo mwaka 1922, mapenzi yake yalikuwa kata, ule mfululizo wa miondoko unaofanya peke yako. Alifariki 1957, na ni mwaka huo huo ambapo Chama cha Karate cha Japani kiliendesha mashindano yake ya kwanza ya taifa. Kwa hiyo mtu akikupa kitabu cha mtindo wa zamani, kumite utakayoikuta humo kwa wingi ni gohon, sanbon na ippon, yaani ya mapigo matano, matatu na pigo moja: mshambuliaji anasema atapiga wapi, anapiga, anasimama. Hilo ni somo la umbali na la kukaa sawasawa kwenye dachi, yaani msimamo wa miguu. Si sura ya pambano. Ukilichukulia kama pambano utabaki unauliza mbona hakusimama.

Wa taekwondo ndio mnaonichosha zaidi. Kuna ITF, Shirikisho la Kimataifa la Taekwondo, iliyoanzishwa 1966, na kuna shirikisho jingine la 1973, ambayo tangu 2017 inaitwa World Taekwondo na ndiyo ya Olimpiki. Kwa ITF ngumi ya usoni inahesabiwa. Kwa wale wengine ngumi ni ya kwenye hogu tu, ile kinga ya kiwiliwili, uso ni wa miguu. Niliwahi kumsindikiza kijana wa mtaani kwetu mpaka Kampala, amejifunza kwa kitabu cha ITF, amejiandikisha kwenye mashindano ya upande wa pili, na mimi mwenyewe sikuangalia. Kila ngumi yake iliyofika usoni, refa: gam-jeom, yaani kosa, pointi kwa mwenzake. Gam-jeom. Gam-jeom. Siku ile alilisikia neno hilo kuliko jina lake. Alipotoka alinitazama akasema, "Lakini zote ziliingia." Ziliingia, ndiyo. Tukala roleksi, chapati zilizoviringishwa na mayai, mbili mbili pale nje, tukapanda taksi, hatukusemezana mpaka daraja la Jinja.

2. Mtu wa kwenye picha anakutazama; kulia kwake ni kushoto kwako. Kata yangu ya kwanza niliijua kinyume kwa miezi minane, na sensei aliyekuja kuniona alidhani namfanyia mzaha.

3. Hikite, kuurudisha mkono mmoja nyongani wakati mwingine unapiga, ni ya kihon, mazoezi ya msingi. Kwenye kumite mkono ukirudi nyongani, kidevu chako kimebaki sokoni bila mlinzi. Urudishe kwenye gadi. Nimelisema hili mara ngapi?

Na kisigino cha mguu wa kusimamia kigeuke unapopiga mawashi-geri au dollyo chagi, teke la kutokea pembeni la karate na la taekwondo. Picha inakuonyesha mguu uko juu, haikuonyeshi kisigino kilivyogeuka kuufikisha huko, na goti lako ndilo litakalolipa.

4. Soma maneno.

Hapa ndipo penye jambo langu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kitabu kilikuwa cha kijana mmoja ambaye baba yake alikuwa na duka karibu na forodha, na alinikopesha kwa usiku mmoja tu, tena nikiwa nimemwachia baiskeli yangu rehani. Asubuhi nikakimbia kwenye fotokopi. Ukurasa mmoja shilingi mia, na mfukoni nilikuwa na elfu nne. Hesabu haihitaji mwalimu: kurasa arobaini. Kitabu kilikuwa na zaidi ya mia moja. Basi nikasimama pale kwenye mashine nikachagua kama mwanamke anavyochagua nyanya. Penye picha nne, weka. Penye picha sita, weka haraka. Ukurasa wa maneno matupu niliuona kama mfupa usio na nyama, nikauruka. Nilitoka pale na kavera yenye karatasi arobaini, najiona nimemwibia muuza duka.

Kuna mambo mawili sikuyajua. La kwanza, miongoni mwa kurasa nilizoziruka kulikuwa na ule unaoeleza sundome, yaani ngumi inakwenda kwa nguvu zote lakini inafungwa kabla haijagusa ngozi. La pili ni ile mashine. Wino wake ulikuwa mwingi, picha zikatoka nyeusi tii. Kwenye kitabu chenyewe, kati ya ngumi na shavu kulikuwa na kinafasi cha mwanga, upana wa vidole viwili hivi. Kwenye karatasi zangu kinafasi hicho kilimezwa na weusi. Mimi nilichokiona ni ngumi imezama kwenye shavu la mtu, na mtu mwenyewe ametulia, haonekani kuumia. Nikasema, kumbe hawa Wajapani wamekomaa hivi!

Nikafunga gunia la mchanga kwenye mwembe wa mama mkubwa, nikalipiga miezi minane.

Mwenzangu wa mazoezi alikuwa ndugu yangu, mtoto wa huyo mama mkubwa. Alikuwa kondakta wa taksi za Jinja, na steji nzima ilimjua kwa mluzi wake. Alikuwa anaweza kupiga mluzi huku anaita "Bugiri, Iganga, Jinja!" katikati yake, sijui kwa ulimi wa namna gani, na abiria waliokuwa wameshakaa kwenye gari jingine wakashuka wakamfuata. Jioni akirudi tunakwenda nyuma ya ghala la mahindi, nasoma picha, tunafanya. Kwa miezi hiyo minane tulifanya polepole tu, kwa sababu alikuwa anachoka.

Jioni moja nikamwambia leo tufanye kama kwenye kitabu. Akasema sawa. Akatangaza jodan, akaingia na oi-zuki safi kabisa, nikarudi nyuma hatua moja, nikainua age-uke, na yeye akasimama. Mkono umenyooka, kama picha inavyosema. Alikuwa anatabasamu, kwa sababu kinga yangu ilikuwa nzuri na alifurahi kwa ajili yangu.

Nikaipeleka gyaku-zuki kama ninavyoipeleka kwenye gunia.

Jino moja lilitoka zima, la pili lilikatika nusu. Ya mbele, ya juu, yote mawili. Hakupiga kelele. Aliinama, akaanza kutafuta chini kati ya punje za mahindi, kama mtu aliyeangusha sarafu. Mimi nilisimama kwenye zenkutsu-dachi yangu, mkono bado umenyooka, nangoja picha inayofuata.

Nikasema banange, umeumia? Swali gani hilo.

Kibaya zaidi kilifuata. Mama mkubwa alipotoka na taa, mimi ndiye niliyefungua mdomo kwanza, nikasema ameteleza kwenye ngazi ya taksi. Ndugu yangu, kitambaa mdomoni, damu inamchuruzika mpaka kwenye shati la kazi, alinitazama kidogo, kisha akatikisa kichwa kukubali. Aliubeba uongo wangu siku mbili. Siku ya tatu mama mkubwa akakung'uta godoro langu akazikuta karatasi, na juu ya picha ya gyaku-zuki nilikuwa nimechora mshale kwa kalamu nyekundu, kutoka kwenye ngumi mpaka kwenye meno. Niliuchora wiki kadhaa kabla, kujikumbusha shabaha.

Hakunipiga. Alikuwa akiuza mandazi steji, na kuanzia asubuhi iliyofuata aliyafunga kwenye kurasa zangu. Abiria wa Iganga walikula mandazi wakitazama mae-geri, teke la mbele. Siku moja nilinunua la shilingi hamsini kwa mtoto anayemsaidia, ili nipate tu ukurasa mmoja, nikapewa ule wa mshale, umelowa mafuta. Mama mkubwa alijua nitakuja.

Na mkono wangu nao haukusalimika. Jino lilinichana kwenye kifundo cha kidole, kidonda kama kipele, nikakidharau. Baada ya siku chache ngumi ilivimba ikawa kama embe, usaha, joto usiku kucha, nikapigwa sindano mpaka nikachoka kuzihesabu. Ukichanwa na jino la mtu nenda kliniki siku hiyo hiyo, hata kama kidonda kinakuchekesha.

Meno ya bandia nilikuja kuyalipa mimi, kidogo kidogo, kwa kubeba magunia mpakani karibu mwaka mzima. Mluzi haukurudi. Upepo unapita pembeni, unatoka kama pampu ya baiskeli. Na kabla meno hayo hayajawekwa, "Busia" ilikuwa inamtoka "Buthia", wenzake wakamwita hivyo, na mpaka leo wazee wa steji wanamwita Buthia. Anaitika.

Miaka miwili baadaye nilikikuta tena kile kitabu, kwa mtu mwingine, nikaomba nikitazame. Nikaenda moja kwa moja kwenye ukurasa niliouruka. Mistari kumi na moja. Wala haikuwa migumu. Ningeusoma pale kwenye mashine wakati naingojea ipoe.

Kwa hiyo mkiniona nawakaripia mnapopiga picha za kurasa kwa simu, "hizi za maelezo tuziache, zinajaza nafasi", mjue sikaripii simu.

5. Kinga ya meno kwanza, mkanda mpya baadaye. Kinga ya kinena pia, wavulana, msione haya dukani.

6. Jua pointi kabla hujajua mbinu. Karate ya WKF, shirikisho la dunia: ngumi ni yuko, moja; teke la chudan, la kiwiliwili, waza-ari, mbili; teke la jodan ippon, tatu, na ukimwangusha mtu kwa ashi-barai, kumfagia mguu, ukamalizia vizuri nayo ni tatu. Taekwondo ya Olimpiki: ngumi kwenye hogu moja, teke la hogu mbili, la kichwa tatu, na likiwa la kuzunguka unaongezewa pointi. Ukiyajua haya utaelewa mbona yule mpinzani wako anarukaruka mguu wa mbele juu na mikono chini, kitu ambacho kitabu chako cha zamani kingekiita uzembe.

7. Badilisha mwenza. Ukifanya na mtu mmoja mwaka mzima mnazoeana kama mume na mke. Mnajua nani atasema nini kabla hajasema, mnadhani mmekuwa hodari. Wale vijana wangu wawili wa Jumamosi ni hivyo. Nimewatenganisha. Mmoja nimempa binti wa mkanda wa bluu ambaye huwa hatangazi chochote, na wiki hii amejifunza kuhusu maai, umbali kati yako na mpinzani, kuliko kitabu kilivyomfunza tangu Januari.

Ndugu yangu Buthia alipita ukumbini siku ile ile, anapita mara nyingi akitoka steji. Akamwona kijana ameshika pua, akaniuliza nani amempiga. Nikamwonyesha. Akamwendea yule mpigaji, akamfungulia mdomo wake mwenyewe, akamgongea kucha kwenye meno ya bandia, tik tik, bila kusema neno, akaja kukaa benchi karibu yangu akaomba maji.

Kesho kutwa tunaanza saa moja asubuhi. Wenye vitabu waje navyo, na nusu saa ya kwanza tutasoma tukiwa tumekaa, gi, vazi la mazoezi, mkononi. Kila mtu atasoma ukurasa mmoja kwa sauti, ule usio na picha.