Jikoni na Shangazi: Mlenda wa Mwanza Katika Kisiwa cha Saiprasi

SWALI: Shikamoo, Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Kitangiri, Mwanza, na huu ni mwaka wangu wa pili nikiwatunza wazee mjini Larnaca, kisiwani Saiprasi. Sasa ni mwisho wa Februari: milozi imechanua, na vilima vilivyokuwa vikavu kabisa mwezi Agosti vimefunikwa na majani mabichi, ambayo akina mama wa hapa huyachuma kwa visu na kuyajaza mifukoni. Nikiwaona, namkumbuka marehemu mama akisonga ugali wa muhogo, chungu cha mlenda kikichemka pembeni, na nsansa ya majani ya kunde aliyoianika mwenyewe ikisubiri karanga. Je, naweza kuchuma majani haya nikapika mlenda?
Binti wa Kitangiri

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama. Usichume jani usilolijua. Hao unaowaona wamefundishwa na mama zao tangu utotoni, kwa hiyo ukitaka kuchuma, fuatana na mmoja wao.

Mlenda wenyewe hauko mbali nawe. Huko kuna mboga iitwayo molohiya, nayo ni ya ukoo mmoja na mlenda wetu wa Kanda ya Ziwa. Hustawi wakati wa joto, kisha majani yake hukaushwa, kwa hiyo msimu huu ulizia makavu. Wenyeji huyapika kwa kuku au nyama ya kondoo, wakitia nyanya na limau nyingi ili kupunguza utelezi. Wewe limau iache, kwa sababu utelezi ndio unaoutafuta. Yaloweke, yaoshe, yakatekate, kisha yachemshe kwa maji kiasi pamoja na magadi kidogo sana na chumvi. Yakilainika, tia nyanya na karanga zilizosagwa, na uache chungu wazi kwenye moto mdogo.

Kuhusu nsansa, nimefurahi kuona umeitaja, kwa maana vijana wengi wa mjini hapa Mwanza hawaijui tena. Kunde unazo: zile nyeupe zenye jicho jeusi, ambazo Wasaiprasi huziita louvi na kuzila kwa mboga za majani, mafuta ya zeituni na limau. Chakula hicho, nadhani, kitakutuliza hata kabla hujapata mlenda. Weka akiba kiganja kimoja cha kunde kavu, ila usizipande sasa, kwa kuwa kunde haipendi baridi. Ngoja hadi Mei, udongo ukishapata joto, uzipande hata kwenye ndoo barazani. Chuma majani machanga, yachemshe kidogo, yakamue, uyaanike. Jua la huko la Julai na Agosti halina mvua ya kulikatiza, nalo litayakausha vizuri kuliko hata letu. Yakikauka kabisa yatie kwenye mfuko wa kitambaa, uyafungue Februari ijayo milozi itakapochanua tena.