Saa tisa usiku moyo unanienda mbio, nahisi nakufa

"Shikamoo shangazi. Nina miaka 34, nauza maandazi hapa Mbagala. Nilichukua mkopo wa kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, nikachukua na mwingine kulipia ule wa kwanza, mume wangu hajui. Sasa silali, nikipitiwa na usingizi saa tisa nashtuka moyo unadunda, jasho, mikono inatetemeka, mchana nagombeza watoto bila sababu. Nimepimwa moyo wakasema uko sawa. Jirani anasema nimetupiwa kitu. Nameza Piriton ndo nilale. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, pole sana, na pole tena kwa kulibeba hilo peke yako.

Barua yako nimeisoma nikasimama hapo kwenye saa tisa. Kausha damu inatesa, sikubishii, marejesho ya kila wiki yanamfanya mtu aogope hata mlango ukigongwa, lakini deni la saa tisa usiku na la saa nne asubuhi ni shilingi zilezile, kinachobadilika ni kichwa kinachozihesabu. Kwenye ubongo kuna sehemu inayopiga kengele ya hatari na kuna sehemu ya mbele inayosema tulia kwanza tuangalie, usipolala hii ya mbele inachoka, kengele inabaki inalia yenyewe. Mwaka 2007 watafiti huko Marekani waliwakesha vijana wenye afya zao kama saa 35 hivi wakawaonyesha picha za kutisha, ile sehemu ya hofu ikawaka asilimia 60 zaidi kuliko kwa wenzao waliolala. Hao ni wa usiku mmoja tu, wewe una wiki ngapi? Hofu inakunyima usingizi, kukosa usingizi kunaikuza hofu, mnazunguka humohumo. Jirani mshukuru ila hela ya mganga usitoe, utaenda kukopa tena.

Kwa hiyo anza na usingizi kabla ya deni. Nadhani unaamka saa kumi kukanda unga, si ndio? Kanda usiku, punguza hamira, funika uumuke wewe umelala. Ulale saa nne uamke saa kumi na moja, saa 7 hizo, na mtu mzima hatakiwi kushuka hapo. Chai ya rangi na kahawa mwisho saa nane mchana, maana kahawa ya saa kumi na moja jioni karibu nusu yake bado inatembea mwilini saa tano usiku. Jioni kabla giza halijaingia chukua daftari, andika nani anakudai, shingapi, lini, na kesho utafanya nini, kisha lifunge.

Ukishtuka saa tisa usibaki kitandani unajigeuzageuza, toka ukae kwenye mkeka, taa hafifu, simu usiiguse kabisa meseji za wadai zimo humo, usingizi ukirudi ndo urudi kitandani. Na chochote kichwa kitakachokuambia saa hiyo, sijui ukimbie, uuze friji, ukope sehemu ya tatu, usikikubali mpaka kuche.

Piriton ni dawa ya aleji mwanangu, kusinzia ni madhara yake tu, achana nayo.

Ukishapata siku nne tano za kulala vizuri mwambie mumeo, mchana, na daftari mkononi. Leo sikushauri, kwa hali hiyo utalia tu, atasikia kilio hesabu hataisikia. Halafu nendeni wote kwa waliokukopesha mkaombe marejesho yapangwe upya.

Mwezi ukiisha bado hivyohivyo, rudi hospitali useme wazi silali na nina wasiwasi, usiseme moyo tena. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na kukosa usingizi kunatibika kwa mazungumzo na mazoezi bila hata kidonge. Ila likija wazo la kujidhuru usingoje mwezi wala asubuhi, usiku huohuo mwamshe mumeo, deni likijulikana na lijulikane.