Namba inaanza na D, lakini rivolva si fremu D

SWALI: Shikamoo fundi. Nasimamia walinzi wa ghala la tumbaku hapa Tabora. Rivolva ya kampuni, yenye leseni, ni Smith & Wesson ya risasi sita, na namba iliyo chini ya mpini inaanza na D. Niliagiza mkoba wa kiunoni. Muuzaji akasema hiyo ni fremu D (fremu ni mwili wa bastola, na herufi hutaja ukubwa wake), akaleta mkoba wa fremu hiyo. Silinda, ile sehemu inayozunguka yenye risasi, inakwama mkobani. Shida iko wapi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Bastola yako haina kosa, na mkoba hauna kosa. D iliyo mbele ya namba ni ya usajili wa kiwandani tu; Smith & Wesson waliianza 1968 kwenye fremu zao za K zenye ulengo usiorekebishika. Fremu D ni ya Colt, kiwanda kingine, ile ya Detective Special ya 1927, na silinda yake ni nyembamba kuliko yako.

Kila kiwanda kina herufi zake. Kwa Smith & Wesson, herufi ikisonga mbele fremu inakua: J ndogo ya risasi tano, K ya kati, L, N, kisha X iliyotoka 2003 kwa risasi za .500. Kwa Colt usitegemee mpangilio huo. Ruger hawatumii herufi. Wanataja modeli tu, SP101 au GP100.

Usikisie, pima. Fungua silinda, toa risasi zote, kisha gusa kwa kidole matundu yote sita kuhakikisha ni matupu. Pale mkono wa silinda unapojifungia kwenye fremu utaona MOD. 10 au namba nyingine. Bastola za kabla ya 1957 hazina. Kistari na tarakimu inayofuata, mfano 10-5, huonyesha mabadiliko ya kiufundi, si ukubwa. Halafu pima unene wa silinda kwa vernia: J ni karibu milimita 33, K 37, L 40, N 43. Mbao za mpini za K huingia kwenye L, kwa hiyo mpini hauwezi kukutofautishia hizo mbili.

Ukikuta V badala ya D, nayo ni K, ya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hapo kuwa mwangalifu sana: nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Uingereza zinatumia risasi ya .38 ambayo ganda lake ni fupi na nene kuliko .38 Special, risasi ya kawaida ya Model 10. Usichanganye risasi hizo hata siku moja.

Ukiagiza tena, taja modeli, fremu K, urefu wa mtutu kuanzia mbele ya silinda hadi mdomoni, na kama mtutu ni mwembamba au mnene, maana Model 10 ilitoka kwa namna zote mbili.